Ngeli ya Chembe za Damu Katika Sinema ya Katuni

Mwaka 1987 Mfaransa Albert Barillé alitoa mfululizo wa sinema za katuni, vipindi 26, uitwao Il était une fois... la vie, ili kuwafundisha watoto habari za mwili wa binadamu. Humo chembe nyekundu za damu ni wachukuzi wanaobeba viputo vya oksijeni migongoni. Chembe nyeupe ni askari wa doria. Na vijidudu vya maradhi ni majambazi. Ufundi wake wastahili sifa. Mtoto aliyemwona mzee Globus akiwaongoza vijana katika mishipa hasahau upesi kwamba damu huzunguka, tena ina kazi.

Lakini sinema hii ikisemwa kwa Kiswahili, mfasiri atakabiliwa na swali lisilomsumbua Mfaransa. Je, chembe "imebeba" oksijeni, au "amebeba"? Kitenzi cha Kifaransa hakitofautishi mtu na kitu. Chetu hutofautisha karibu katika kila sentensi. Isitoshe, "kijidudu" huchukua upatanisho wa A-WA, na "chembe" huchukua I-ZI. Basi sarufi imekwisha kumpa uhai jambazi, ikamnyima mlinzi.

Yawezekana kusema kwamba wote wapewe A-WA, kwa kuwa katika ngano hata jiwe husema. Shauri hilo lafaa kwa mazungumzo, halifai kwa maelezo. A-WA huleta nia pamoja na uhai, na mwenye nia huweza kulaumiwa. Katika kisukari cha aina ya kwanza, chembe za kinga ndizo zinazoharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Mtoto mwenye ugonjwa huo, aliyezoea kusikia habari za "askari wa mwili", atauliza kwa nini askari wake wamemwasi, na pengine yeye amekosa nini. Hapana uasi hapo, wala kosa lake.

Kwa hiyo naona yafaa wahusika wasemapo wapewe A-WA, na msimulizi aelezapo mwili wenyewe arudi kwenye I-ZI. Globus amezeeka, lakini chembe nyekundu, ikitimiza siku zipatazo 120, inavunjwa. Hivyo mtoto atausikia mpaka wa mchezo na elimu katika kiambishi kimoja, bila ya kukatiziwa hadithi. Kifaransa hakikumpa Barillé nyenzo hiyo. Sisi tunayo, na hatuna budi kuitumia.