Mafuta katika Mafuta: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Maelekezo

Karatasi tunayoihakiki ni ya ukurasa mmoja tu, nayo ni tafsiri ya maelekezo ya kuchanganya petroli na oili kwa mashine za boti za miundo ya zamani. Tuliikuta Irente, juu ya magenge yanayotazama Mazinde na nyika ya Wamasai, mahali ambapo hapana boti hata moja. Mpasuaji mbao mmoja aliletewa na nduguye, mvuvi wa Tanga, kwa kuwa msumeno wa injini, ambao wapasuaji huuita chenso, nao hutumia petroli iliyochanganywa. Injini za namna hii hazina mahali pa kuwekea oili peke yake. Oili hupita pamoja na petroli na kulainisha vyuma njiani. Ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda; ikizidi, moshi hufuka na plagi huchafuka. Kwa hiyo istilahi ikikosewa, anayelipa ni mwenye mashine.

Sentensi ya pili ya karatasi yasema: "Tia mafuta katika mafuta kwa uwiano wa 1:50." Mfasiri alikuwa na dhana mbili mbele yake, akazitia katika chungu kimoja. Neno mafuta ni pana mno: yako ya nazi, ya taa, ya kujipaka, na mtu akisema gari limeishiwa mafuta, hapana anayedhani ni oili. Upana huo hauna ubaya jikoni wala barabarani, maana muktadha hufafanua. Katika maelekezo ya kuchanganya, muktadha wenyewe ndio unaotatanisha. Kwa msomaji wa Irente taabu ilizidi, kwani chenso ina tangi la pili la oili ya mnyororo, isiyochanganywa na kitu chochote. Wako wenzetu wanaopendelea "kilainishi" badala ya "oili", kwa hoja ya usafi wa lugha. Hatukubaliani nao. Grisi nayo ni kilainishi, na mafundi tuliowasikia Lushoto na Tanga husema oili.

Kosa lililotushughulisha zaidi ni dogo kwa sura. Karatasi yaagiza kwamba "mashine kuukuu" itiwe oili maradufu. Hakika neno la asili lilihusu muundo, wala si uchakavu. Baadhi ya mashine za boti za zamani ziliundwa kutumia sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, na nyingi za baadaye sehemu 50 kwa moja, kwa sababu beringi zilibadilika na oili zenyewe zikawa bora. Mashine ya 50 haigeuki kuwa ya 25 kwa kuzeeka. Mpasuaji wetu, ambaye chenso yake imechoka lakini si ya muundo wa zamani, alikuwa akizidisha oili muda mrefu na kuilaumu plagi. "Mashine ya muundo wa zamani" ni refu, lakini hapana budi.

"Injini ya viharusi viwili" tuliicheka, kisha tukanyamaza, tukikumbuka rasimu zetu wenyewe. "Mipigo miwili" yatosha.

Kuhusu uwiano, tungependelea vipimo badala ya nukta mbili: petroli lita 20, oili mililita 400, na kwa mashine ya muundo wa zamani inayotaka 25 kwa moja, mililita 800. Kadhalika, aina ya oili haikutajwa. Oili yenye alama ya TC-W3 hutengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa kwa maji, ilhali chenso hupozwa kwa hewa na hupata joto kali zaidi. Mfasiri hakuambiwa kwamba karatasi yake itapanda mlima, lakini maneno "oili ya mashine za boti" yangemwonya mpasuaji.

Mpasuaji huchanganya lita 5 kwa mara moja. Tumemwandikia pembeni, kwa kufuata kitabu cha chenso yake: oili ya chenso, mililita 100.