Nani Mwenye Wimbo? Maoni Juu ya Semina ya Walimu wa Muziki, Kilosa na Mikumi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki kitabu. Kitabu kina faida yake: ukikifunga leo na kukifungua kesho, maneno ni yale yale. Makala haya hayahusu kitabu. Yanahusu wimbo mmoja ulioimbwa mara mbili, kwanza Kilosa na kisha Mikumi, mbele ya walimu wapatao 40 waliokuwa wakijifunza namna ya kuufundisha shuleni. Hoja yangu ni kwamba wimbo ule ulipoandikwa ubaoni ulipoteza mtunzi wake, na mtunzi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale akitazama. Tena nasema kwamba kosa hilo siyo la walimu wa muziki peke yao. Hata sisi tunalifanya, na mimi nimo.

Nieleze nilifikaje. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa anajua kuimbisha kwaya, shule yake ilimpeleka kwenye semina ya siku tatu ya walimu wa muziki wa mkoa wetu wa Morogoro, likizo ya Juni mwaka jana. Mimi sikualikwa. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na kazi ya mradi wa fasihi simulizi: kukusanya nyimbo tano na kuzichambua fani na maudhui. Nikaona, basi, nyimbo zote nitazipata chini ya paa moja, bila kuzunguka vijijini. Uvivu huo ndio ulionifundisha.

Siku mbili za kwanza zilikuwa Kilosa. Asubuhi walimu walisoma nota za solfa, kuhesabu mapigo na kugawa sauti nne. Mchana ilikuwa zamu ya ngoma. Siku ya tatu ilikuwa ya maonyesho, Mikumi, mbele ya wanafunzi na wazazi.

Siwezi kuzibeza nota za solfa. Zilibuniwa na kuenezwa Uingereza katika karne ya 19, na Sarah Glover na John Curwen, ili watu wasio na kinanda waweze kusoma muziki kwa herufi tu. Wamisionari walizileta Afrika, na shule isiyo na ala hata moja ikaweza kuwa na kwaya. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa mwalimu katika shule ya misheni huko Johannesburg. Kwa hiyo mwalimu na chaki yake wana sehemu kubwa katika muziki wetu. Lakini hata wimbo huo haukubaki kama ulivyozaliwa: mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti, na ulipofika kwetu ukavikwa maneno ya Kiswahili. Tuliweke hilo akilini.

Mchana wa siku ya kwanza aliletwa bibi mmoja, mwenyeji wa bonde la mto Mkondoa, aongoze wimbo wa ngoma. Aliimba kwa Kisagara kilichochanganyika na Kiswahili. Wimbo ulihusu mafuriko. Kilosa hilo siyo jambo la kusimuliwa: mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto ulivunja kingo, ukang'oa reli ya kati na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao wakaishi kwenye mahema. Bibi aliimba maji yaliyokuja usiku, yakaingia ndani bila hodi, na asubuhi mwenye nyumba akawa anahesabu kilichosalia. Kiitikio kilikuwa kifupi, kinauliza nani aliyemkaribisha mgeni huyu.

Mkufunzi alisimama na chaki mkononi. Bibi alipomaliza aliombwa arudie, ili maneno yaandikwe. Akarudia, lakini maneno hayakuwa yale. Mara ya kwanza alitaja godoro na mbuzi. Mara ya pili akataja kitanda, na mbuzi hakuonekana tena. Mkufunzi akauliza kwa adabu, "Bibi, sasa tuandike ipi?" Bibi akajibu, "Andikeni mnayoipenda." Ukumbi mzima ulicheka. Walimu wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, zikachaguliwa beti nne, zikaandikwa kwenye bango kitita pamoja na nota zake, kila mtu akanakili. Mimi pia nilinakili. Wimbo wa kwanza kati ya mitano, tayari!

Siku ya tatu tulipanda kosta kwenda Mikumi. Barabara inapita Ulaya (siyo ng'ambo, ni Ulaya ya Kilosa) na mwendo wote ni zaidi ya kilomita 70. Mikumi siyo Kilosa. Kilosa ni mji wa mto na reli. Mikumi ni mji wa barabara kuu, malori ya kwenda Zambia, na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkulima wa pembezoni mwa hifadhi hofu yake kubwa ina mkonga. Juni mahindi yakiwa yamekauka shambani, watu hukesha wakipiga madebe ili tembo wasiingie.

Zamu ya wimbo wetu ilipofika, walimu walijipanga vizuri sana, sare za vitenge, sauti nne. Bibi akasimama mbele na manyanga yake. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama ulivyoandikwa. Ubeti wa pili, bibi akaacha mto. Akaanza kuimba mgeni mwenye masikio makubwa, anayekuja usiku, haingii kwa hodi, na asubuhi mwenye shamba anahesabu mabua yaliyosalia. Jamani! Uwanja ulilipuka. Akina mama waliokuwa wamekaa chini waliinuka, wengine wakaingia kucheza, kiitikio kikaitikiwa na watu ambao hawajawahi kuhudhuria semina yoyote.

Na walimu wetu? Walikuwa bado Kilosa. Teno na besi walikuwa wamefundishwa kuyasindikiza maneno ya kiongozi kwa chini, kwa hiyo wakawa wanaimba godoro wakati bibi anaimba mahindi. Mwalimu wa kwaya alimpa bibi ishara ya mkono kwamba arudi kwenye ubeti. Bibi hakurudi. Sauti ziligongana, kisha moja moja zikanyamaza, mpaka kilipofika kiitikio ndipo wote wakakutana tena, kama watu waliopotezana sokoni.

Jioni kwenye tathmini, maneno yalikuwa yale yale kutoka kila upande: bibi kaharibu, bibi hakufanya mazoezi ya kutosha, wazee nao wana usahaulifu. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Dada yangu pia alisema hivyo. Na mimi, mwanafunzi wa fasihi simulizi, niliandika kwenye daftari langu: "Fanani alisahau maneno ubeti wa pili." Daftari ninalo mpaka leo, sikufuta.

Niliporudi chuoni nilisoma upya makala ya M. M. Mulokozi, "Tanzu za Fasihi Simulizi", iliyotoka katika jarida la Mulika namba 21 mwaka 1989. Makala hayo sote tunayajua, maana huja kwenye mitihani. Mulokozi anasema fasihi simulizi ni tukio, na tukio hilo hutawaliwa na mambo sita yanayoingiliana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mambo hayo nilikuwa nimeyakariri yote. Lakini Mikumi, mahali palipobadilika mbele ya macho yangu, na hadhira ikabadilika, na fanani akafanya kile ambacho nadharia inasema fanani hufanya, mimi nikaita usahaulifu. Hivi kweli tunasoma ili tuone, au tunasoma ili tujibu swali la mtihani?

Sasa nihakiki wimbo kama inavyotakiwa. Je, bibi alibadilisha wimbo? Tukitazama maneno, ndiyo, zaidi ya nusu. Tukitazama umbo, hapana. Maji na tembo katika wimbo ule vina tabia tatu zile zile: vinakuja usiku, vinaingia bila hodi, na vinamwachia mwenye mali kazi ya kuhesabu mabaki. Taswira ni moja, ya mgeni asiyekaribishwa. Dhamira pia ni moja, kwamba mnyonge hulala akiwa na chake na kuamka hana. Kiitikio, ambacho ndicho nguzo, hakikuguswa hata neno. Bibi alijua kipi kinashikilia nyumba na kipi ni samani inayoweza kuhamishwa. Huo ni uhakiki, tena wa papo kwa papo, na aliufanya akiwa amesimama mbele ya watu huku manyanga yakilia. Albert Lord aliyaeleza mambo yanayofanana na haya katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia: mwimbaji hutunga wakati ule ule anaoimba, na kila uimbaji ni utungo kamili. Sisi tunamnukuu Lord kuhusu watu wa mbali huko, halafu bibi wa Mkondoa tunamwambia hakufanya mazoezi.

Ni haki nitoe nafasi kwa upande wa pili. Nilipomweleza dada yangu haya, alinijibu bila kupepesa: "Wewe unasema hivyo kwa sababu huna darasa la watoto themanini. Bibi akifa kesho, nitafundisha nini kama sikuandika?" Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu ana kipindi kimoja, hana ngoma, pengine lugha ya wimbo siyo yake. Halafu kuna mashindano. UMITASHUMTA na UMISSETA siyo mpira tu, kuna kwaya na ngoma pia, na mwalimu anataka watoto wake washinde. Kwenye mashindano, kwaya ambayo kiongozi wake anaenda kwingine na waitikiaji kwingine, nani ataipa alama? Kwa hiyo mwalimu anaandika ili aokoe wimbo, na pia ili asiaibike. Simlaumu.

Lakini kuandika nini? Hapo ndipo ninapotofautiana na dada. Tunaandika kile kinachobadilika, yaani maneno ya kiongozi siku ile, kisha tunakifanya amri. Kanuni ya kubadilisha, ambayo ndiyo ujuzi wenyewe, hatuiandiki wala hatumuulizi anayeijua. Nchi hii ina mifano ya kufanya vingine. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni TaSUBa, kilikuwa na Hukwe Zawose kama mwalimu, mtu aliyejifunza zeze na ilimba kwao Ugogoni na siyo kwenye ubao. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi zao za sanaa za maonyesho kwa maendeleo miaka ya 1980, walifika Mkambalani, hapa hapa mkoani Morogoro, na wanakijiji wenyewe wakayaeleza matatizo yao kwa ngoma na maigizo waliyoyazoea. Katika mifano yote miwili, mwenye ujuzi hakuletwa aimbe halafu akae pembeni ili mwenye chaki aendelee.

Napendekeza mambo matatu kwa walimu wetu, na kwa sisi tutakaokuwa walimu. Kwanza, kwenye nota za wimbo wa ngoma, kiitikio kiandikwe chote, lakini sehemu ya kiongozi iachwe wazi, na pembeni yaandikwe maelezo: hapa kiongozi hutaja mgeni, hapa hutaja saa aliyokuja, hapa hutaja hasara. Pili, mtoto apewe zoezi la kuijaza nafasi hiyo kwa jambo la kwao. Mtoto wa Kimamba atapata lake kwenye mkonge, wa Ruhembe kwenye miwa, wa Mikumi kwenye barabara. Hapo kipindi cha muziki kitakuwa pia kipindi cha utunzi. Tatu, waitikiaji wafundishwe kusikiliza. Walimu wetu Mikumi waliimba vizuri, tatizo ni kwamba hawakumsikiliza kiongozi wao, kwa sababu masikio yao yalikuwa kwenye karatasi.

Kabla kosta haijaondoka nilimfuata bibi, nikamwamkia, nikamuuliza moja kwa moja kama alisahau. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakumbuka jina lake. "Mjukuu wangu," akasema, "watu wa Mikumi mafuriko yetu yanawahusu nini? Nimewapa ya kwao." Akapanda kosta, akakaa dirishani.

Sentensi hiyo niliisikia siku ile ile, kabla ya tathmini ya jioni, na bado niliandika kwamba alisahau. Mradi wangu niliuwasilisha ukiwa na beti nne za Kilosa, zimepangwa vizuri, na alama nilipata nzuri tu. Jina la fanani sikuliandika, maana sikuwa nimemuuliza. Niliandika "wimbo wa Wasagara", basi, kana kwamba Wasagara wote walikaa siku moja wakautunga.

Anayeona nimetia chumvi aandike toleo lijalo, nami nitamsoma.