Bolti ya 14 Isiyokuwa ya 14

Bolti nne za propela zilituchelewesha wiki mbili nzima. Gari ni Landrova Series IIA, toleo la 1961 hadi 1971, na kazi ngumu zilikuwa zimekwisha: chesi imechomelewa, injini imerudi mahali pake. Fundi akalala chini ya gari, akatoka na bolti mkononi. Mbili nyeusi, za zamani. Mbili za rangi ya dhahabu, za gari la Kijapani.

Kisa chake si kigumu kukisia. Huku kwetu bolti huitwa kwa spana yake: "nipe bolti ya 14." Bolti za asili za propela hii ni za inchi 3/8, na kichwa chake ni 9/16, yaani milimita 14.3. Ukiipima kwa macho, ni ya 14. Muuzaji akatoa ya 14 aliyo nayo, M10 ya Kijapani. Kumbe 3/8 ni milimita 9.5. M10 ikagoma kwenye tundu, mtu akachukua drili ya mkono, akapanua. Matundu mawili ya flanji yakawa na umbo la yai, na gari likawa linatetemeka kila likishika mwendo.

Landrova hii ilizaliwa njia panda. Waingereza walikuwa na meno ya Whitworth tangu 1841, yenye pembe ya nyuzi 55, na ndugu yake wa meno membamba, BSF. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana meno ya pamoja ya nyuzi 60: UNC manene, UNF membamba. Rover ilihamia huko polepole, kwa hiyo gari moja lina UNF sehemu nyingi, na bado giaboksi, yenye asili ya magari madogo ya Rover, imebaki na meno ya kizamani hapa na pale.

Bolti ya 5/16 ya BSF ina meno 22 kwa inchi. Ya UNF ina 24. Nati itazunguka mara mbili kwa vidole kisha itagoma, na kijana mwenye spana ndefu atadhani ni kutu. Hiyo walau inakuonya. Mimi naogopa zaidi inayokubali. 3/8 ya Whitworth na 3/8 ya UNC zote zina meno 16 kwa inchi, na moja huingia kwenye tundu la nyingine hadi mwisho. Pembe ndizo hazilingani: meno hayalaliani, yanagusana sehemu ndogo tu, na mzigo wote unabebwa hapo.

Geji ya meno hatukuwa nayo. Tulichukua bolti moja nyeusi tuliyoiamini, tukailaza ubavuni mwa kila bolti tuliyoletewa, meno ndani ya meno, tukainua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya, si yenyewe. Usipopenya hata chembe, tunaikandamiza kwenye karatasi na kuhesabu mistari ndani ya inchi moja. Ishirini na nne, mara tatu mfululizo: UNF.

Tuliipata kwa muuza vipuri vya trekta. Massey Ferguson 135 nayo imejaa UNF na UNC, na sijui kwa nini watu wa magari hawaendi huko kwanza. Kichwani tulitafuta mistari mitatu, alama ya nguvu inayokaribiana na 8.8 ya milimita. Alituonyesha pia za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa, nikazikataa: aina ya kawaida, A2-70, ni dhaifu kuliko 8.8. Tukaangalia na shingo. Sehemu isiyo na meno ndiyo inayopaswa kukaa ndani ya flanji. Meno yakikaa humo, yanageuka msumeno.

Flanji yenyewe hatukuijaza kwa kuchomelea. Tulitoa nyingine kwenye giaboksi iliyokufa. Bolti ziliingia bila nyundo, nati zikazunguka kwa vidole mpaka pete ya nailoni ilipozikamata, ndipo tukashika spana ya 9/16. Zile za dhahabu fundi alizitia mfukoni. Kuna bampa ya Noah inazisubiri.