Gari Mbele, Kicheko Nyuma

Anayevuta tela refu huendesha vyombo viwili kwa usukani mmoja, na kimoja huchelewa kutii. Gari likikata kona, tela hukata baadaye, tena kwa kupitia ndani zaidi, hadi kwenye ukingo wa barabara na chochote kilichosimama hapo. Dereva akikanyaga breki za gari peke yake, mzigo wa nyuma haujapata habari, bado unakuja. Sijaona filamu iliyoielewa tabia hii kama The Long, Long Trailer ya Vincente Minnelli, iliyotolewa na MGM mwaka 1954. Watu huitaja, kama wakiitaja, kwa ajili ya nyota wake Lucille Ball na Desi Arnaz, ambao wakati huo walikuwa wakitamba kwenye televisheni na I Love Lucy. Husemwa ni vituko vilevile, safari hii kwa rangi. Mimi naona muundo wake umetokana na tela lenyewe: tendo liko mbele, matokeo yako nyuma, na kicheko kimewekwa katika ule muda wa kusubiri.

Kisa chenyewe ni chepesi. Tacy na Nicky ni wachumba wanaokaribia kufunga ndoa. Nicky ni mhandisi ambaye kazi humhamisha huku na huko, na Tacy anamshawishi kwamba badala ya kupanga nyumba kila mahali, wanunue nyumba yenye magurudumu. Wanarudi na tela aina ya New Moon la futi 36, karibu mita 11. Gari la kulivuta ni Mercury Monterey ya 1953, lenye paa la kukunja na injini ya nguvu za farasi 125. Mtu aliyezoea kuvuta mizigo kwa pikapu kuukuu atatikisa kichwa kabla hata fungate haijaanza, na mtikiso huo wa kichwa filamu inautegemea.

Mapema kabisa Nicky anafundishwa kanuni moja: breki za tela zitangulie, za gari zifuate. Kifundi ni kanuni sahihi. Tela likishikwa kwanza hubaki limenyooka nyuma ya gari. Gari likishikwa kwanza, tela hulisukuma na linaweza kujikunja ubavuni kwake. Lakini angalia kazi ya somo hilo katika msuko. Nicky analibeba kama kiapo, linamtia hofu, na sisi watazamaji tunakuwa tumefundishwa pamoja naye. Kuanzia hapo kila mteremko, kila kona, kila mtu anayekatiza barabara anatufanya tuanze kuhesabu kimoyomoyo. Taharuki imepatikana bila adui yeyote. Ni uzito tu.

Ukiilinganisha na I Love Lucy utaona mwongozaji alikuwa na tatizo gani. Ile ilipigwa kwa kamera kadhaa mbele ya hadhira iliyokaa studioni. Mzaha ulitoka na kicheko kikajibu papo hapo. Kwenye filamu hakuna hadhira. Minnelli, aliyekuwa ametoka kutengeneza filamu za muziki kama An American in Paris na The Band Wagon, hakujaribu kuziba pengo hilo kwa kasi. Alilipanua. Katika sehemu nyingi anaweka kamera mbali kiasi cha gari na tela kuonekana kwa pamoja, kisha anasubiri. Jicho linasafiri kutoka usukani hadi mkiani, na safari hiyo ya jicho ndiyo mzaha.

Mfano bora ni pale wanapowatembelea jamaa za Tacy na Nicky analazimika kuingiza tela uani kwa rivasi. Kinyumenyume mambo hugeuka: usukani ukienda kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto, na mkono wa dereva lazima ukane kila kitu ambacho barabara ilimfunza. Ukoo mzima umetoka kumwelekeza, kila mmoja na ishara yake. Utingo yeyote wa njia ya Mombasa na Kampala angejua matokeo kabla ya gia kuingia: wanaoelekeza wakizidi mmoja, hakuna anayeelekeza. Waridi zinasagwa, na nyumba yenyewe haisalimiki. Minnelli hatuonyeshi ajali kama tukio la ghafla. Inakuja polepole, mbele ya macho ya watu wote, na hakuna awezaye kuizuia kwa sababu amri iliyoisababisha imekwisha kutolewa.

Tukio maarufu la Tacy kupika ndani ya tela huku Nicky akiendesha ni tofauti kidogo. Hapa gari na tela vinatenganishwa kwa uhariri: mbele kuna dereva asiye na habari, nyuma kuna jiko lililogeuka uwanja wa mieleka. Ball ni stadi, hilo halina ubishi, na mwili wake unavyopambana na saladi yake unachekesha hadi leo. Lakini kwa kukatakata hivyo filamu inapoteza kile kilichoifanya kuwa ya pekee, yaani kuona sababu na matokeo katika picha moja. Mandhari ni ya jikoni, na mkono ni wa televisheni.

Kinachonifanya niirudie filamu hii ni mawe. Kila wanaposimama, Tacy anaokota jiwe la kumbukumbu. Mengine ni makubwa kweli. Mwanzoni ni tabia ndogo ya mhusika, ya kuchekea pembeni. Kisha inakuja barabara ya mlimani, Nicky anaamuru mawe yatupwe, na Tacy, badala ya kuyatupa, anayaficha humo humo ndani. Sasa tafakari muundo. Hii ni hadithi ya vituo: usiku wa kwanza kati ya majirani wasiojua kubisha hodi, usiku wa matope na tela lililoinama, nyumba ya jamaa. Hadithi za namna hii huwa na udhaifu wake, kwamba tukio likipita limepita, na unaweza kulibadilishia nafasi bila msomaji kugundua. Mawe yanaziba udhaifu huo. Kila kituo kimeacha uzito wake ndani ya tela, hivyo kinachopanda mlima ni msuko wenyewe, umepakiwa kimyakimya na kufichwa chini ya vitanda na kabatini.

Na mlima wenyewe umepigwa kwa ustadi wa hali ya juu. Barabara ni nyembamba, bonde liko kando. Mume na mke wameketi sambamba, na wanachofanya ni kuzungumza mambo ya kawaida kabisa, kwa sauti ya watu walioko sebuleni. Hakuna anayetaja korongo. Maneno yanakwenda upande mmoja na macho upande mwingine, na Arnaz, ambaye mara nyingi huhesabiwa kuwa msindikizaji wa Ball, anafanya hapa kazi nzuri kuliko yote aliyopewa katika filamu hii.

Nina malalamiko mawili. Dereva wa pikapu ya zamani hahofii kupanda tu. Kupanda kunachemsha injini, ila kushuka ndiko kunakochemsha breki, na mzigo wa nyuma ukishaanza kusukuma, gia ndogo uliyopaswa kuiweka kileleni huwezi kuiweka katikati ya mteremko. Filamu iliyoanza kwa somo la breki imetumia nguvu zake zote kwenye kupanda. La pili ni mbinu rejeshi. Hadithi nzima inasimuliwa na Nicky usiku wa mvua, akimtafuta mkewe, kwa hiyo tunajua tangu mwanzo kwamba wametengana na kwamba alaumiwaye ni mwanamke na mawe yake. Picha hazikubaliani na msimulizi huyo: zimetuonyesha mwanamume aliyeitikia kila kitu kwa tabasamu, akajaza hasira moyoni kama mkewe alivyojaza mawe kabatini. Mwishoni wanapatana upesi mno, tela likiwa limeegeshwa. Waandishi, Frances Goodrich na Albert Hackett, wamewapatanisha watu hao wawili bila kutuambia nani atakayeshika usukani kesho asubuhi, wala tela hilo litashushwa na nani.