Pembe Nne za Kontena

Ukikaa kando ya barabara ya Kolwezi, nchini Kongo, utayaona yakipita kwenye malori: makontena yaliyobeba mashine na dawa za migodi, mengine yametoka bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Baadhi hayarudi tena baharini. Utayakuta mtaani yamegeuka duka la vipuri, duka la dawa, ofisi, hata jengo la ghorofa moja lenye ngazi ya chuma ubavuni. Tangu mwaka 2015 mji huu ulipofanywa makao makuu ya jimbo la Lualaba, mahitaji ya ofisi na maduka yameongezeka, na kontena ni chumba ambacho tayari kina kuta, paa na sakafu.

Nimesimama mara nyingi kutazama mafundi wakiyafanyia kazi, na kila mara nimeondoka na heshima zaidi.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, liwe Kolwezi, Mombasa au Shanghai. Kuta zake ni bati la mikunjo lenye unene wa milimita 2 hivi. Nguvu yake imekaa pembeni, katika nguzo nne za chuma. Juu na chini ya kila nguzo kuna donge la chuma lenye matundu ya kupitishia kulabu. Melini makontena hupandana saba au nane, na uzito wote hushuka kwenye nguzo hizo. Fundi mzuri huanza kazi yake hapo, penye pembe.

Anamimina nguzo fupi za zege chini ya pembe, kisha anazisawazisha kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Yeye anashika ncha moja, mwanafunzi anashika nyingine.

“Papa, yangu iko sawa.”

“Bado, mwanangu. Acha maji yatulie kwanza.”

Wanasubiri, kwa sababu pembe moja ikishuka hata upana wa kidole, sanduku zima hujipinda na milango hukataa kufungika.

Siku ya kukata dirisha, anachora kwa chaki akifuata sehemu bapa za mikunjo ili fremu ipate pa kulalia. Kabla hajawasha grinda, anachomelea mabomba ya mraba pande zote mbili za mchoro. Ukuta ule wa mikunjo ndio unaozuia boriti ya juu isilegee, na ukiondoa kipande kikubwa bila kuweka kitu cha kupokea mzigo, paa hubonyea. Fundi huyu analipa nguvu kabla ya kuichukua. Hata fremu anaichomelea kidogo kidogo: sentimita chache hapa, anahamia upande wa pili, anarudi. Bati jembamba likipata joto mahali pamoja kwa muda mrefu hukunjamana, na halirudi kama lilivyokuwa.

Kisha kuna hali ya hewa ya Lualaba. Jua la Oktoba hugeuza chuma kuwa tanuri, na usiku wa Juni huwa na baridi kali. Ndani, kimo ni mita 2.39 tu, na kila sentimita ya kizuia joto inayowekwa darini inapunguza nafasi ya kichwa cha mteja. Kwa hiyo fundi huinua paa la pili la mabati juu ya lile la chuma, akiacha uwazi ili upepo upite katikati. Sakafu ya mbao anaifunika vizuri au kuing’oa, maana mbao za makontena hutiwa dawa ya kuua wadudu kabla ya safari za bahari. Na pale makontena mawili yanapounganishwa kuwa ukumbi mmoja, anatumia muda mrefu kwenye ule mshono wa juu, akikunja bati la kuufunika, kwa sababu mvua ya Desemba itautafuta.

Kujenga kwa vipande vilivyoundwa mbali si jambo geni Kongo. Kanisa la chuma la Boma, la mwishoni mwa karne ya 19, liliundwa Ubelgiji, likaletwa kwa meli na kufungwa kipande kwa kipande. Lakini Kolwezi ina sababu yake ya kupenda jengo linaloweza kuondoka. Mwaka 2014 madini yalipopatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba mashimo ndani ya nyua zao, na baadaye familia nyingi zilihamishwa. Nyumba ya matofali haihami na mwenyewe.

Ndiyo maana kazi ya mwisho niliyomwona fundi akiifanya ilinigusa. Rangi ilikuwa imekauka na mwenye duka alikuwa ameshaanza kupanga bidhaa. Fundi alipanda ngazi na bisibisi, akaenda pembe moja baada ya nyingine akikwangua rangi iliyoziba matundu ya kulabu, mpaka yote manne ya juu yakawa wazi.