Mpira Usio na Refa

Kila jioni, saa kumi ikishapita na jua likianza kulegea, viwanja vya wazi vya Dar es Salaam hujaa watu ambao hawakuitwa na mtu. Fundi pikipiki hufika mikono ingali na grisi. Mwanafunzi hufika na begi la shule, akaliweka chini likawa nguzo ya goli. Kondakta aliyekabidhi zamu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee mstaafu aliyefunga bandeji gotini, wote hufika. Hakuna ratiba iliyobandikwa popote, hakuna kiingilio, hakuna kombe wala mbuzi wa mshindi. Nusu saa baadaye mechi imeshika moto.

Mimi ni mmoja wa watu hao, na miaka niliyokaa nao imenifanya niamini kwamba wanachokifanya ni ufundi kamili, wenye mabingwa wake na wanagenzi wake. Soka la mchangani husifiwa sana, lakini mara nyingi husifiwa kwa sababu ya kitu kingine. Daktari hulisifu kwa ajili ya moyo na sukari. Mwandishi wa michezo hulisifu kwa ajili ya vipaji, akamtaja Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyefika TP Mazembe, akawa mchezaji bora wa mwaka 2015 kwa wanaosakata soka ndani ya Afrika, kisha akaenda Genk na Aston Villa. Sifa hizo ni za kweli. Ila hazielezi kwa nini fundi pikipiki wa miaka arobaini na kitu, asiyetafutwa na wakala yeyote na asiyejali uzito wake, anafunga kibanda mapema akijua kuna mteja atakayemkosa.

Anafunga kwa sababu kiwanjani anakwenda kushiriki kazi ngumu na tamu: kutengeneza, pamoja na wenzake, mchezo wa haki usio na mtu wa kuulazimisha uwe wa haki.

Kazi hiyo huanza kabla mpira haujaguswa, katika kupanga timu. Wawili wanaolingana kwa uwezo hutengwa, maana kila mtu anajua kwamba wakiwa upande mmoja hakuna mechi. Wanachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Wachezaji wazuri huisha haraka, na hapo ndipo akili inapohitajika: nani anakaba, nani amechoka kwa kazi ya mchana, nani na nani wakikaa timu moja watagombana. Hesabu isipokuwa shufwa, hutafutwa uwiano wa namna nyingine. “Nyie mchukueni Mzee na dogo, sisi tunabaki pungufu.” Hakuna anayelalamika, kwa sababu wote wameona kwamba Mzee na dogo kwa pamoja ni sawa na mchezaji mmoja mwenye pumzi.

Hata hivyo makadirio hukosewa. Upande mmoja ukifunga magoli matatu ya harakaharaka, utasikia sauti, na mara nyingi hutoka kwa wanaoongoza: “Hii haijakaa sawa. Leteni mmoja, chukueni huyu.” Mpira husimamishwa, watu wawili hubadilishana, fulana zikavuliwa upande huu na kuvaliwa upande ule, na mchezo unaendelea. Ni kazi ya muuza nafaka mbele ya mizani, anayeongeza na kupunguza mpaka mkono utulie katikati.

Katika ligi, kocha akipangiwa timu dhaifu anashukuru Mungu. Kiwanjani kwetu timu dhaifu ni hasara kwa wote. Wanaofungwa watakata tamaa, watoto watakwenda kwao, mwenye mpira atakumbuka kwamba ametumwa dukani, na jioni itakuwa imekufa. Kwa hiyo kila anayetaka kushinda analazimika kwanza kuhakikisha kwamba mpinzani wake naye anaweza kushinda. Sijui shughuli nyingine nyingi za watu wazima zinazofundisha jambo hilo waziwazi namna hii. Biashara haifundishi. Siasa ndiyo kabisa.

Mabingwa wa ufundi huu hutambulika kwa namna wanavyopima nguvu zao. Pale ninapocheza yupo mmoja mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, aliyewahi kucheza madaraja ya chini ya ligi ujanani. Akikutana na mwenye umri wake hana huruma: atampiga tobo, akigeuka atampiga kanzu, na watu watapiga kelele. Akikutana na mtoto wa miaka kumi na miwili, hubadilika. Hapunguzi umakini hata kidogo, kwa sababu mtoto hugundua mara moja kwamba anaachiwa, na hakuna kinachomuudhi zaidi ya hicho. Anachopunguza ni mwendo na mashuti. Humjia taratibu, mpira ukiwa karibu na mguu, akampa nafasi halisi ya kuuchukua. Mtoto akiuchukua, ameuchukua kweli.

Mtazame pia anavyompasia Mzee. Kijana humtupia mpira mbele, kwenye nafasi, aukimbilie. Lakini Mzee, humletea mguuni, chini kwa chini, ukiwa umepoa, na akishautoa anasogea karibu ili Mzee awe na mtu wa kumrudishia. Pasi ya aina hiyo haitaonyeshwa kwenye televisheni. Lakini ndiyo inayomfanya mtu wa miaka sitini atoke kiwanjani akiwa amecheza, badala ya kutoka akiwa amevumiliwa.

Kisha kuna suala la sheria. Tumezoea kudhani kwamba mpira kamili ni ule wenye refa, na kwamba sisi wa mchangani tunacheza kipande chake kilichopungua. Historia inasema tofauti. Chama cha soka cha Uingereza kilipoandika sheria zake za kwanza jijini London mwaka 1863, refa hakutajwa kabisa. Idadi ya wachezaji haikutajwa pia. Goli lilikuwa nguzo mbili zilizoachana kwa yadi 8, bila mtambaapanya juu wala hata kamba. Baadaye kila upande ukaleta mwamuzi wake, na refa akawa mtu wa kuulizwa pale hao wawili wanaposhindwa kuelewana. Ni mwaka 1891 tu ndipo alipoingizwa uwanjani na kukabidhiwa maamuzi, na mwaka huohuo ndipo penati ilipoanzishwa. Kwa hiyo watu wenye mawe mawili na mpira mmoja, wanaotatua ugomvi wao wenyewe, wanacheza mpira wa asili. Refa ndiye aliyekuja baadaye.

Na ugomvi upo, tena wa kila siku. Goli lisilo na mtambaapanya huzaa kesi ileile: shuti limepita juu ya jiwe, kwa urefu ambao hakuna anayeweza kuuthibitisha. “Goli!” “Juu! Juu kabisa!” Kipa ananyoosha mikono kuonyesha pale alipoweza kufika. Mfungaji anaapa. Watu wanakusanyika, kila mmoja ameona vizuri kuliko mwenzake. Aliyezoea atajua kwamba kelele hizi zina utaratibu wake. Kwanza huulizwa waliokaa pembeni wakisubiri zamu, kwa kuwa hawana upande. Wakigawanyika, hutafutwa suluhu: ipigwe penati, atakayebahatika abahatike. Lakini mara kwa mara hutokea jambo lingine, nalo ndilo ninalolipenda kuliko goli lolote. Mmoja wa upande wa mfungaji, ambaye alikuwa nyuma yake na aliuona mpira vizuri, anasema: “Jamani, ilipita juu.” Kesi imekwisha. Hakuna anayempongeza, na wenzake wanaweza kumnunia dakika mbili. Lakini kuanzia hapo neno lake lina uzito. Wiki ijayo akisema amechezewa rafu, hakuna atakayebisha.

Kiwanja hakina daftari la kumbukumbu, ila kinakumbuka. Anayejiangusha ovyo anajulikana. Anayedai faulo kila akiguswa hufika siku akaumizwa kweli, na mpira ukaendelea. Anayetukana huachwa mpaka mwisho wakati wa kuchagua, na adhabu hiyo, ya kusimama peke yako huku majina ya wengine yakitajwa, imewarekebisha watu ambao mabosi wao walishindwa. Hakuna kamati ya nidhamu iliyokaa. Ni kwamba kila mtu ana uhuru wa kuondoka, na kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kuwa mwenzi anayefaa kuchezwa naye.

Uwanja wa wazi una somo lingine ambalo uwanja wenye uzio hauna. Eneo hilo si letu peke yetu. Mama akikatiza na ndoo ya maji, mtu hupaza sauti, “Simama! Mama apite,” na mpira hukanyagwa hapohapo, hata kama straika amebaki na kipa. “Pita mama, samahani.” Akishavuka, mchezo huanzia palepale. Mti ulio karibu na kona hauhesabiwi kuwa nje: mpira ukiugonga unachezeka, na wenyeji wanaujua mti huo kuliko beki yeyote. Ufukweni Coco Beach mstari wa pembeni huwekwa na bahari. Maji yakipwa, uwanja ni mpana na mchanga uliolowa ni mgumu, mtu anakimbia. Yakijaa, uwanja unabanwa mpaka pasi fupi inakuwa lazima. Anayecheza peku kwenye mchanga mkavu hujifunza kuunyanyua mpira kabla ya kuupiga, la sivyo hauendi popote. Kila mahali hudai sheria zake, na wachezaji huzitunga bila kikao.

Wasichana nao wanaingia. Zamani kazi yao ilikuwa kurudisha mpira uliotoka. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walifika fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, na leo binti anaposimama pembeni na kuuliza kama kuna nafasi, jibu linalostahili ni lilelile anapoulizia kaka yake: ingia, tukuone. Viwanja ambavyo bado vinasitasita vinajinyima wachezaji.

Jua likishuka, inakuja kanuni iliyo bora kuliko zote. Mpira hauonekani vizuri, msikitini wameshaanza kuandaa adhana ya magharibi, na matokeo huenda ni saba kwa nne au tisa kwa nane, hakuna aliye na hakika. Mtu hutangaza: “Atakayefunga, kashinda.” Papo hapo magoli yote yaliyotangulia hufutwa. Waliokuwa nyuma wanapata mwanzo mpya na waliokuwa mbele wanapoteza akiba yao, na wote wanakubali, kwa kuwa kanuni hiyo inawapa wote dakika chache za mchezo mkali kuliko saa nzima iliyopita. Mzee mwenye bandeji anakimbia. Fundi pikipiki anarudi kukaba, jambo ambalo hakulifanya jioni yote.

Ufundi huu unahitaji vifaa vichache: mpira, watu, na ardhi. Mpira unapatikana, na usipopatikana watoto hufunga vitambaa ndani ya soksi kuukuu na kuushona. Watu wapo. Ardhi ndiyo inayotutia hofu. Wakoloni waliliacha wazi eneo la Mnazi Mmoja ili kutenganisha Kariakoo ya Waafrika na mtaa wa Wahindi. Ardhi iliyoachwa ili watu wasichanganyike wananchi wakaigeuza kuwa mahali pa kukusanyika, kwa mikutano na kwa michezo. Pale Jangwani, bonde la mto Msimbazi hufurika mvua kubwa zikija, viwanja vikazama kwenye tope, na kiangazi kikirudi watu hurudi, wakaokota mawe, wakaanza upya. Maji huja yakaondoka. Ukuta wa matofali ukishajengwa juu ya kiwanja cha mtaa, hauondoki. Katika mitaa mingi vipo viwanja ambavyo sasa ni maegesho, magodauni au nyumba, na vijana waliokuwa wakicheza hapo wamebaki kukaa barazani.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Nitafurahi sana. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na nikipata tiketi nitakuwa mmoja wao. Lakini uwanja huo umejengwa kwa ajili ya kutazama. Taifa linalotaka raia wanaojua kugawana nafasi, kusema kweli inayowagharimu na kuwapa wapinzani wao mchezo wa haki, lina shule zake tayari, nazo hazihitaji jukwaa wala taa. Zinahitaji mtendaji wa mtaa anayekataa kuliuza eneo la wazi, na majirani watakaomuunga mkono siku mnunuzi atakapokuja na karatasi zake.

Kama hujacheza muda mrefu, usisubiri upate njumu wala pumzi. Nenda jioni, simama pembeni, salimia, uulize timu ipi imepungua mtu. Utaelekezwa upande unaofungwa, maana huko ndiko mtu anakohitajika.