Bati Ndani ya Mkono wa Upinde

Mikono ya upinde wa rikavu (wenye ncha zilizopindwa mbele) wa katikati ya karne ya 20 ni tabaka zilizogundishwa: kiini cha mti, mgongo unaoelekea shabaha, na tumbo linalomwelekea mvutaji. Upote ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Baina yao upo mstari wa kati usionyooshwa wala kubanwa, na kila malighafi huhukumiwa kwa umbali wake kutoka mstari huo. Kwa hukumu hiyo, bati la alumini lililotiwa katika mikono ya pinde za kiwanda cha Fred Bear, Grayling, Michigan, kati ya 1949 na 1951, lilikuwa kosa la wazi.

Mpangilio sahihi ulijulikana zamani. Mafundi wa Uturuki walibandika kano mgongoni na pembe ya nyati wa majini tumboni, wakaacha mti mwepesi katikati. Kano inavumilia kunyooshwa, pembe inavumilia kubanwa, na kazi ya mti ni kuzitenganisha tu. Mti wa yuu wa Ulaya na Amerika una mpangilio wa namna hiyo ndani ya gogo lenyewe, kwa kuwa mti mweupe wa nje hukaa mgongoni na moyo mwekundu tumboni. Saxton Pope, fundi wa pinde za yuu, alifika Tanganyika mwaka 1925 pamoja na Arthur Young, na simba walipigwa kwa mishale bila bati lolote kuhitajika.

Wachongaji wa Afrika Mashariki hawakuhitaji hata gundi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchonga upinde kwa mti mmoja na kuutia upote wa kano. Wawata wa Tsavo, ambao vitabu vya zamani vinawaita Waliangulu, walivuta pinde za mti mmoja zenye uzito wa mvuto wa zaidi ya ratili 100, wakamwangusha tembo kwa mshale wa sumu. Ufundi huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kampeni dhidi ya ujangili ya 1956–1957 iliwatia jela wawindaji wengi wa Kiwata, na urithi wa uchongaji ukapata pigo katika miaka ileile ambayo rikavu za kiwandani zilikuwa zikisifiwa kuwa kilele cha upinde.

Mvuto wa alumini unaeleweka. Ukakamavu wake ni mara tano hadi sita ya ule wa mti wa mepo uliozoeleka viinini, haiozi, na kila bati hufanana na jingine. Lakini ukakamavu peke yake haurushi mshale. Mkono mzuri huhifadhi nishati nyingi kwa uzito mdogo, maana uzito wa mkono lazima nao usukumwe mbele pale upote unapoachiwa, na nishati inayoishia humo haifiki kwenye mshale. Alumini ina uzito wa karibu mara nne ya mepo kwa ujazo uleule.

Likiwekwa karibu na katikati, bati halifanyi kazi. Tabaka iliyo robo ya njia kutoka mstari wa kati hadi usoni hunyooshwa robo tu ya uso, na kila sehemu ya ujazo wake huhifadhi nishati ya moja ya kumi na sita ya ile ambayo ingehifadhi ikiwa usoni. Hapo metali ni mzigo mtupu. Likisogezwa karibu na uso, tatizo ni jingine: mkono mfupi uliovutwa hadi mwisho unaweza kunyooka usoni karibu asilimia 1, ilhali hata aloi imara za alumini huanza kupinda bila kurudi kwenye asilimia 0.7 hivi. Zaidi ya hapo, alumini haina kikomo cha uchovu kama kile cha chuma. Kila mvuto huhesabika, hata ule mwepesi, na ufa hukua pasipo kuonekana.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye mstari wa gundi. Uso wa alumini hujifunika utando wa oksidi mara tu unapogusa hewa, na gundi inayoshika mti barabara haishiki utando huo vivyo hivyo bila maandalizi ya kemikali. Kisha lipo joto. Alumini hutanuka sehemu 23 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Mti, kufuata nyuzi zake, hutanuka sehemu 4 hivi kwa milioni. Upinde uliotolewa asubuhi ya baridi huko Kwai, juu ya mita 1,500 katika Usambara Magharibi, ukateremshwa Mombo, takriban mita 400, na kuachwa ndani ya gari juani, unaweza kupanda nyuzi 30. Katika nusu mita ya mkono, bati litataka kuuzidi mti kwa zaidi ya robo ya milimita, na kinachozuia tofauti hiyo ni gundi peke yake. Ukungu wa Usambara nao huuvimbisha mti kwa upana huku bati likibaki vilevile, kakamavu kwa kila upande. Matokeo kwa pinde za Bear yalikuwa yaleyale yaliyopaswa kutarajiwa: mikono ilibanduka na kuvunjika.

Kiwanda kilirekebisha vizuri kwa kutumia faiba ya kioo yenye nyuzi za mwelekeo mmoja. Nyuzi hizo hunyooka zaidi ya asilimia 2 kabla ya kukatika, ni nyepesi kuliko alumini, na tabaka yake ni laini kwa upana, hivyo hufuata mti unapovimba. Ikakaa mgongoni na tumboni, mepo ikarudi katikati: mpangilio wa Waturuki kwa malighafi mpya. Howard Hill, aliyewinda tembo barani Afrika kwa upinde na kuonekana katika filamu ya *Tembo*, aliing'ang'ania mianzi katika tabaka zake. Mwanzi una nyuzi ndefu, ni mwepesi na hushika gundi, sifa tatu ambazo bati halikuwa nazo hata moja.

Pinde za alumini zilizosalia hazifai kutiwa upote. Ukaguzi huanza ubavuni mwa mkono, ambako bati huonekana kama mstari wa kijivu. Mwanya wowote kando ya mstari huo, au rangi iliyopasuka kuufuata, ni dalili kwamba gundi imeachia. Mkono uliobanduka hautengenezeki kwa kupenyeza gundi mpya ufani, kwa sababu oksidi imeshaufunika uso wa ndani.